Siku Tulipomtoa Mtani Wetu

Wifi yangu alitoka eda siku ya Jumatano, na Jumamosi kikundi chetu cha kuzikana kikampakia kwenye kosta kumpeleka kutazama vita.

Wazo halikuwa langu. Lilikuwa la mwenyekiti wetu, mama mmoja wa hapa Rasbura mwenye sauti ya kumwita mtu aliye mtaa wa pili, ambaye alisema mjane akishatoka ndani inafaa aone watu, na kwamba sisi wanawake kumi na wanne tumezoea kukutana kwenye misiba tu, tukiosha maiti na kupikia waombolezaji, hatujawahi hata siku moja kukutana kwa kucheka. Alikuwa amesikia kwamba karibu na Nangurukuru, kwenye njia ya kupandia vilimani, imefunguliwa nyumba ya makumbusho ya vita vya Majimaji ambamo mtu hatazami tu vitu ndani ya vioo. Unabeba, unabonyeza, unakimbizwa, na ukitaka unafungwa.

"Unafungwa kweli?" mwenzetu mmoja aliuliza.

"Unafungwa kidogo," mwenyekiti akajibu, na hoja ya safari ikapita.

Mimi nilikuwa na sababu yangu ya kutotaka kwenda. Jumapili, yaani kesho yake, ukoo wetu ulikuwa unakaa kikao kuhusu nyumba ya marehemu mdogo wangu, nyumba ambamo wifi alikuwa anaishi. Mdogo wangu alikuwa amefariki bila kuacha mtoto, na hati ya nyumba ilikuwa na jina lake. Kwa hiyo, alisema kaka yetu mkubwa, nyumba ni mirathi: mjane atapata robo yake, sisi ndugu tutagawana kilichobaki, na kwa kuwa hakuna anayeweza kulala ndani ya robo ya nyumba, nyumba itauzwa. Sheikh angekuwepo, mjumbe wa mtaa angekuwepo. Mambo yalikuwa yamenyooka, isipokuwa kwa jambo moja lililojulikana kwangu na kwa kaka mkubwa peke yetu, au ndivyo nilivyodhani.

Siku tatu kabla hajafa, asubuhi, mdogo wangu aliniita nikae karibu na kitanda. Homa ilikuwa imemwachia kidogo na akili zake zote zilikuwa kichwani. Akasema, "Dada, hii nyumba isiingie kwenye mirathi. Si yangu. Kiwanja na matofali kanunua mwenzangu kwa ufuta wake wa Kitomanga. Jina limeandikwa langu kwa sababu siku ya kuandikishana yeye alikuwa wodini, ile mimba imeharibika. Baadaye nikaona haya kubadilisha, watu wangesema naishi kwa mwanamke. Waambie." Nikamwambia nitawaambia.

Nilimwambia mtu mmoja tu, kaka mkubwa, wiki ileile ya msiba, tukiwa tumekaa nyuma ya jiko. Akasema, "Hayo ni maneno ya homa. Yaweke moyoni." Halafu akaongeza, taratibu, "Na wewe fungu lako limo."

Nikayaweka moyoni. Miezi minne na siku kumi nilimpelekea wifi uji ndani ya eda, nikakaa naye mkekani, nikamsuka, na sikufungua mdomo. Sikuwa nimeamua kunyamaza, naomba nieleweke. Nilikuwa tu sijaamua kusema, na nilijidanganya kwamba hayo ni mambo mawili tofauti.

Inabidi nieleze pia kwamba wifi ni Mngoni wa Songea, nasi ni Wamwera. Baina yetu kuna utani, na wazee hutuambia ulizaliwa na vita: walikuja na ngao zao wakatupiga, tukapigana, tukachoka, mwisho tukapatana kwamba kuanzia hapo tutatukanana tu. Mtani anaweza kukunyang'anya kanga mbele za watu. Anaweza kuingia kwenye msiba wako, akalala ndani ya kaburi lililochimbwa na kukataa kutoka mpaka apewe kitu. Nawe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika, wewe ndiye uliyekosa adabu. Mdogo wangu alipomleta yule binti nyumbani, miaka ishirini na miwili nyuma, mimi ndiye niliyempokea mlangoni kwa kumwita mvamizi. Akaniambia asante, mla panya, na toka siku ile hatukuwahi kuzungumza kama watu wenye akili timamu. Alisilimu, akajifunza kuosha maiti, akawa hodari kuliko wengi wetu tuliozaliwa ndani ya dini. Lakini katika kikundi aliendelea kuwa mtani wa wote, na wote walimtania, kwa kuwa yeye alikuwa mmoja nasi tulikuwa wengi.

Ndani ya kosta alikuja kukaa kando yangu, upande wa dirisha. Alikuwa amevaa kanga mpya, na baada ya miezi ile ya nguo nyeupe rangi zilimfanya aonekane mgeni hata kwangu. Nyuma yetu wenzetu waliimba kaswida, wakachanganya na nyimbo za unyagoni, mwenyekiti akawakemea huku naye anapiga makofi. Tulipofika Kitomanga wifi aliweka kidole kwenye kioo.

"Shamba langu la ufuta lilikuwa pale, nyuma ya ile mikorosho. Mwaka ule mvua ilinihurumia."

Lilikuwa jambo la kusema neno moja tu, "Najua," na mlango ungefunguka. Badala yake nikasema, "Mvua ilikuogopa, mvamizi wewe."

Akacheka. Kisha akauliza, "Kesho mtakuja saa ngapi?"

"Saa tatu."

"Basi nitapika mapema. Kaka mkubwa hapendi wali uliopoa."

Nikatazama mbele mpaka tukavuka daraja la Mbwemkuru. Nilikuwa nimekasirika, na niliyemkasirikia ni yeye. Kwa nini apike? Kwa nini asilie, asigombe, asinipe nafasi ya kumwona mbaya?

Makumbusho yenyewe yalikuwa ghala la zamani lililopakwa chokaa, na ndani limegawanywa vyumba kwa mbao nyeusi. Tulipokewa na binti aliyevaa sare ya kaki, mzaliwa wa vilima vya Umatumbi, mchangamfu, mwenye lafudhi ya kwao. "Shikamooni mama zangu," alisema, "humu ndani msiogope kugusa. Kisichoguswa hakina faida." Akatuonyesha mfano wa mzigo wa mpagazi, gunia lililoshonwa kwa uzito uleule wa zamani, akatuomba mmoja ajaribu kulibeba hatua ishirini. Mwenyekiti aliliweka kichwani bila kata, akazunguka ukumbi mara mbili huku akituuliza chakula cha mchana kitaliwa saa ngapi. Binti alisema hajawahi kuona.

Hapo ndipo simu yangu ilipoita. Nikatoka nje, chini ya paa la bati.

"Mko wote?" kaka mkubwa aliuliza.

"Tuko wote."

"Hujamwambia kitu?"

"Nimwambie nini?"

"Vizuri. Kesho sheikh akiuliza kama kuna mwenye neno, wewe utakuwa huna neno. Yule mtoto wa watu. Tutampa haki yake aende kwao Songea kwa amani, bado ana ndugu. Hapa hana kwao tena." Alisema bila ukali, na kwa kweli kaka si mtu mkali. Ni mtu wa swala tano, mwenye binti anayesoma chuo na paa linalovuja. Nikamwambia sawa.

Niliporudi ndani walikuwa wanatiwa maji. Binti wa kaki alishika kibuyu na suke la mtama, anamnyunyizia kila mmoja kichwani kama walivyonyunyiziwa watu wa zamani ili risasi zigeuke maji, na mwenyekiti alikuwa amejifunika uso anauliza kama kuna ushirikina.

"Ni maji ya bomba, mama."

"Ya bomba la wapi?"

Tulicheka, ila mimi nilicheka kwa kuchelewa. Kutoka pale tuliingizwa kwenye ujia wenye giza, na ghafla bunduki zikalia kutoka pande zote, na sakafu ya mbao ikawa inatetemeka chini ya miguu. Wanawake walipiga kelele. Mmoja alitoa shahada kwa sauti. Mtu alinishika mkono katika lile giza, akaubana mpaka mwisho wa ujia, na tulipotoka kwenye mwanga nikaona ni wifi.

Ukuta wa mbele yetu ulikuwa na picha kubwa ya wanaume waliofungwa minyororo shingoni. Ukigusa fremu, unasikia mtu akihema. Wenzangu waligusa mara moja wakaruka nyuma. Wifi aligusa, akaacha kiganja pale.

"Hawa ni wale walionyongwa Songea, mama," binti wa kaki alimwambia.

"Najua. Kwetu kila ukoo una wa kwake."

Sikuwa nimewahi kumsikia akisema hivyo. Miaka ishirini na miwili nimemtania juu ya vita vya mababu zake, sikuwahi kumuuliza waliishia wapi.

Chumba cha mwisho kilikuwa na meza ya duara na viti vingi, na mbele ya kila kiti kuna kipaza sauti kidogo. Ukutani kulikuwa na saa ya namba nyekundu, na pembeni mlango mmoja mwembamba wa chuma. Binti wa kaki alitueleza mchezo. Sisi ni kijiji. Usiku uliopita mtu wa kijiji aling'oa pamba ya serikali. Akida, mtumishi wa wakoloni, anataka jina moja. Tuna dakika tano. Kila mmoja atasema kwenye kipaza sauti nani atolewe na kwa nini, kisha aliyetajwa na wengi ataingia kwenye ule mlango na kukaa humo kidogo.

"Humo ndani kuna nini?" nikauliza.

"Kuna kiti, mama. Atasikia tu."

Hatukuuliza atasikia nini.

Akatoka, taa zikapungua, na sauti nene ya mwanamume ikatoka darini. Ilitaka jina moja, la sivyo kijiji kizima kitalipa. Namba nyekundu zikaanza kurudi nyuma. Kwa muda wa kama nusu dakika hakuna aliyesema. Tuliangaliana, wanawake ambao tumeosheana maiti za mama zetu, na nakumbuka niliona aibu kwamba nilianza kweli kuwapima: nani ana watoto wadogo, nani ni mgonjwa, nani anajitia. Nadhani kila mmoja alikuwa anapima.

Mwenyekiti ndiye aliyetuokoa, au ndivyo tulivyoona. Alipiga meza kwa kiganja. "Nyie mnahangaika nini na mtani tunaye hapa?"

Chumba kizima kikalipuka kwa kicheko. Mzigo ulitutoka. Kwa mtu wa nje ingekuwa ukatili, lakini kwetu ilikuwa njia ya adabu kabisa: ukitaka kumtupia mtu lawama bila kumwumiza, unamtupia mtani, kwa sababu ndiye pekee asiyeruhusiwa kuumia. Wifi mwenyewe aliinua mikono juu kama aliyekamatwa.

Wakaanza kwa zamu, kila mmoja kwenye kipaza sauti chake. Mwenyekiti: "Mtoeni Mngoni, pamba ameila yeye." Wa pili: "Mtoeni, anakoroma kwenye hitima." Wa tatu alisema pilau yake ina pilipili manga nyingi. Kila neno lilileta kicheko, na wifi alijibu kila moja kwa tusi lake. Saa ilikuwa inakimbia. Nilikaa wa mwisho, nikiwa nimeshajua kwamba zamu yangu inakuja na lazima nichekeshe kuliko wote, kwani mimi ndiye wifi na mdomo wangu unajulikana. Nikainama. Nikafungua mdomo bila kufikiri, na maneno yaliyokuwa juu ndiyo yaliyotoka.

"Mchukueni aende kwao," nilisema. "Hapa hana kwao tena."

Wenzangu walicheka pia. Nilimwona wifi akiwa amefungua mdomo kunijibu, kisha akaufunga. Kengele ikalia. Akasimama, akajifunga kanga vizuri kiunoni, akaingia kwenye mlango wa chuma, na mlango ukajifunga wenyewe.

Kisha kioo kimoja cha ukutani, ambacho tulidhani ni pambo, kikawaka, tukamwona. Alikuwa amekaa kwenye kiti ndani ya kijumba kitupu, anatazama mbele, yeye hatuoni sisi. Na tukasikia anachosikia. Mashine ilikuwa imezinasa sauti zetu, na sasa ilikuwa inamrudishia, moja baada ya nyingine. Lakini kicheko hakikuwemo. Kila kipaza sauti kilichukua sauti ya mtu wake tu, na kwenye kile kijumba sauti zilikuja zikiwa peke yake, kavu. Mtoeni Mngoni. Mtoeni. Mtoeni. Mwenyekiti alianza kucheka aliposikia sauti yake, akaacha katikati. Mtu akasema, "Astaghfirullah, imekuwaje hivi?"

Sauti yangu ilikuja mwisho. Nilijua inakuja na hakuna nilichoweza kufanya. "Mchukueni aende kwao. Hapa hana kwao tena." Haikuwa sauti ya mtu anayetania. Ilikuwa sauti ya kaka mkubwa kwenye simu, ile ya upole, imevaa koo langu.

Wifi hakulia. Aliinua uso kidogo, kuelekea kule sauti ilikotoka, akaitikia kwa kichwa mara mbili kama mtu aliyepewa jibu la swali alilouliza zamani. Nilitaka kuupiga ule mlango kwa mateke.

Binti wa kaki alipomfungulia, wenzangu walimpokea kwa vigelegele vya kujikosha. "Mtani, umepona?"

"Nimepona," alisema, akicheka vizuri kabisa. "Ila sasa nawajua mmoja mmoja."

Wakacheka kwa nafuu. Binti wa kaki alituambia, akizima mitambo, kwamba hatukulazimika kutaja mtu. Kijiji chote kikikaa kimya mpaka saa iishe, mlango mwingine hufunguka na wote hutoka. "Wengi hawajui kwa sababu hawajaribu," alisema. "Watoto wa shule wanajaribu." Mwenyekiti alimwuliza kwa hasira kwa nini hakusema mapema.

Nangurukuru tulishuka kula. Kulikuwa na samaki wa kukaanga, mihogo na chai ya tangawizi, na kelele za mabasi na wauza korosho. Wifi alikula vizuri, akagombana na muuza samaki juu ya kichwa cha changu, akashinda. Mimi sikumaliza hata kikombe. Nilikuwa nangoja aniseme mbele za watu, na kwa kweli niliomba anifanyie hivyo, kwa sababu akinitukana kwa utani tutakuwa tumelipana. Hakunigusa hata kwa neno.

Kwenye kosta alirudi kukaa palepale dirishani. Wenzetu walikuwa wameshiba, wengine wamelala huku midomo wazi. Tulikuwa tumeshapita Mbwemkuru alipoanza kusema, kwa sauti ya chini, macho yakiwa nje.

"Wifi, utani una mpaka?"

"Hauna," nikasema.

"Basi sijakasirika." Akavuta kanga mabegani. "Ila ile haikuwa sauti ya utani. Miaka ishirini na miwili unanitania, nakujua. Ukitania sauti yako inapanda. Ile ilikuwa imetua. Ni neno ulilolisikia mahali."

Nikafungua mkoba wangu, nikaufunga.

"Asubuhi ile mume wangu alipokuita," alisema, "nilikuwa nyuma ya pazia. Nimeshika beseni, nakuja kumnawisha. Nilisikia yote. Ufuta, wodi, yote. Nilisimama pale mpaka maji yakapoa."

Nilijaribu kutafuta pa kukamata. Nikasema kitu cha kijinga kuliko vyote: "Kwa nini hukusema?"

Ndipo akageuka akanitazama. "Niseme mimi? Mjane anayetolewa ndani ndiye awaambie kwamba marehemu amesema nyumba ni yake? Nani angenisikia? Kaka mkubwa? Nilikungoja wewe, wifi. Kila siku ulipoingia na uji nilisema leo. Ukiweka bakuli chini, nasema leo. Ukianza kunisuka, nasema ah, anatafuta pa kuanzia. Eda nzima." Alipangusa kioo kwa ncha ya kanga ingawa hakikuwa na vumbi. "Leo kwenye ule mchezo nilifurahi walipokuwa wananitaja. Nikasema wifi atakataa. Atafanya mzaha wake, lakini atakataa."

Nilitaka kumwambia kwamba nitasema kesho. Nilifungua mdomo, nikaona kwamba maneno hayo, yakisemwa pale, baada ya kukamatwa, hayana thamani ya hata tiketi ya kosta. Nikalia. Nililia kimya, nimeinamia mkoba, na yeye hakunigusa wala hakuhama kiti. Kitomanga tuliipita bila mmoja wetu kutazama upande wa mikorosho.

Jumapili saa tatu wali ulikuwa umeiva. Alikuwa ametandika mikeka miwili sebuleni, akakaa pembeni karibu na mlango wa jikoni. Kaka mkubwa alieleza jambo kwa utaratibu, na sheikh akaeleza mafungu. Kisha sheikh akauliza kama kuna mwenye neno juu ya mali hii kabla haijagawanywa.

Nilikuwa sijalala. Nilisema nikiwa nimekaa. Nilisema yote kama nilivyoambiwa, kwa mpangilio uleule, ufuta wa Kitomanga, wodi, haya ya mdogo wangu. Nilisema kwamba niliahidi na sikutimiza.

Kaka mkubwa alinigeukia taratibu. "Umekaa na maneno haya miezi minne," alisema. "Leo umepewa nini?"

Hilo lilikuwa swali la haki. Nadhani hakuna aliyewahi kuniuliza swali la haki kuliko hilo. Nikamwambia sikupewa kitu. Mjumbe alitaka kujua kama kuna mwingine aliyesikia, na mimi, bila kujizuia, nikamtazama wifi. Alikuwa ameweka macho mkekani. Hakusema kwamba alikuwa nyuma ya pazia. Aliniacha nibaki peke yangu na neno langu, mbele ya ndugu zangu, bila shahidi, kama yeye alivyobaki.

Sheikh akaomba msahafu. Nikaapa. Halafu sheikh, mtu wa makamo asiyependa maneno mengi, akamgeukia kaka mkubwa akamuuliza kama aliwahi kuyasikia haya kabla ya leo. Msahafu ulikuwa bado uko mbele yetu. Kaka mkubwa aliutazama kwa muda mrefu mpaka nikamwonea huruma. Nilikuwa nimesahau kwamba naye ni ndugu yangu, na kwamba mdogo wetu alikuwa mdogo wake pia.

"Huyu aliniambia," akasema. "Wiki ya msiba."

Basi nyumba ilitolewa kwenye mirathi, na mpaka leo wifi anaishi humo. Kaka mkubwa hakuzungumza nami mpaka Idi, sasa tunasalimiana. Watu wa mtaani wanasema nilifanya jambo kubwa, wananitolea mfano. Mwenyekiti alilieleza kwenye kikundi, akalia. Nami nimewaacha waseme.

Mwezi wa pili baada ya kikao alifariki jirani yetu mmoja, na kikundi kikaitwa. Wifi alikuja. Alimkuta mwenyekiti uani akipepeta mchele, akampokonya ungo na kumwambia ana mikono ya mla panya. Mwenyekiti akamrudishia tusi. Akapita kwa wa pili, akamvua kilemba. Kwa wa tatu alisema jambo ambalo siwezi kuliandika. Ua mzima ulikuwa unacheka, hata wafiwa, na huo ndio utani, kazi yake ni hiyo. Nilijiweka sawa nikimngoja, nimeshaandaa jibu, nikiomba liwe tusi baya kuliko yote aliyowahi kunitukana.

Alifika mbele yangu. Alinyoosha kanga yake, akapiga goti kidogo, kama mwanamke anavyomfanyia mkubwa wake ambaye hajamzoea.

"Shikamoo, dada," akasema.

Kwa miaka ishirini na miwili hakuwahi kuniamkia. Wenzetu waligeuka kututazama, wakidhani anaanza mchezo, wakangoja kilichobaki. Hakukuwa na kilichobaki. Nikamwitikia marahaba, akainuka akaenda jikoni kuosha masufuria.